Coase hakusema sheria haina kazi

Nimemaliza kusahihisha mitihani ya somo la uchumi wa sheria, yaani kuzipima sheria kwa macho ya mchumi, na sentensi ileile imejirudia karatasi baada ya karatasi: mchumi Ronald Coase alithibitisha kwamba watu wakiachwa wajadiliane wenyewe watafika kwenye suluhisho bora, kwa hiyo sheria na mahakama zikae pembeni. Kwangu sentensi hiyo haipati alama. Nimeshaeleza sababu darasani, ofisini na koridoni, sasa naiandika.

Makala yake ya 1960 ina kurasa 44. Humo yumo mfugaji aliyepakana na mkulima bila uzio kati yao. Ng'ombe mmoja akizurura anaharibu tani 1 ya mazao kwa mwaka, wanne wanaharibu tani 10. Tani moja ni dola 1, na uzio unagharimu dola 9 kwa mwaka, kwa hiyo kwa ng'ombe wanne uzio ni nafuu kuliko hasara. Coase anaonyesha kwamba, kama kujadiliana hakuna gharama yoyote, idadi ya ng'ombe na ukubwa wa shamba vitaishia palepale, awe mfugaji anawajibika kulipa au hawajibiki. Kitakachobadilika ni nani anatoa hela mfukoni. Na hata hapo ametaka kwanza ijulikane nani ana haki gani, kwa sababu huwezi kuuza wala kununua haki isiyo na mwenyewe. Hiyo ni kazi ya sheria tayari.

Wengi hufunga makala hapo. Katika sehemu ya sita Coase mwenyewe anasema dhana hiyo haifanani na maisha. Lazima umtafute wa kuzungumza naye, umweleze unachotaka, mvutane kuhusu bei, mwandikiane mkataba, kisha uende kukagua kama umetekelezwa. Hizo ndizo gharama za miamala, na ndizo makala yote inazihusu. Jina la "nadharia ya Coase", linalopewa hoja ile ya kujadiliana bila gharama, hakulitunga yeye. Lilitoka kwa mchumi mwenzake George Stigler mwaka 1966, na Coase aliandika baadaye, mwaka 1988, kwamba ulimwengu usio na gharama za miamala unaopewa jina lake ndio hasa aliotaka wachumi wauache.

Mfano wa mfugaji na mkulima kwetu Tanzania si wa ubaoni. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kila ninapofundisha makala hii nawaambia wanafunzi wajibu maswali ya Coase wakiwa wamesimama kwenye shamba lililoliwa. Kundi limepita usiku likielekea mtoni: mkulima amfuate mfugaji yupi? Mpaka uko wapi, kama eneo halijapimwa? Wafugaji ni thelathini na wakulima ni mia mbili: nani anasema kwa niaba ya nani? Fidia ikikubaliwa, nani atahakikisha inalipwa? Kila jibu lina gharama, na gharama zikizidi faida ya mapatano, mapatano hayatokei.

Ukishaliona hilo, isome upya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mipaka ya kijiji inayotambuliwa, cheti cha ardhi ya kijiji, baraza la ardhi ambalo mtu analifikia kwa miguu: vyote hivyo vinashusha gharama za miamala. Mahali vinapofanya kazi, majirani wana cha kujadiliana. Visipofanya kazi, aliyemsoma Coase mpaka mwisho hawezi kuwaambia watu wakae wayamalize wenyewe.

Mengine yanayosemwa kuhusu somo hili nitayajibu kwa kifupi.

"Somo hili linatetea wanaosababisha madhara." Hapana. Linasema madhara yana pande mbili. Katika kesi ya Sturges na Bridgman, London, 1879, mtengeneza peremende alitwanga kwa vinu na michi miaka mingi. Daktari jirani yake alipojenga chumba cha kuonea wagonjwa ukutani hapo, akamshitaki kwa kelele na akashinda. Ukimzuia wa kwanza umemuumiza yeye, ukimwacha umemuumiza wa pili. Kutambua hivyo si kumlaumu aliyeumia.

"Ni somo la sheria za biashara na kodi." Mwanasheria Guido Calabresi, mmoja wa waanzilishi wa somo hili, alianzia kwenye ajali. Mchumi Gary Becker, mwaka 1968, aliandika kuhusu uhalifu. Na kwa kuwa nimemtaja Becker: wanaosema uchumi unadai adhabu kali kwa kila kosa wamesahau nusu ya hesabu yake, yaani uwezekano wa kukamatwa. Kifungo cha miaka 30 kisichomfikia mtu hakimtishi mtu.

"Sheria ikiwa na nia njema, matokeo yatakuwa mema." Kenya iliweka kikomo cha riba mwaka 2016, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, ili kuwasaidia wakopaji wadogo. Benki zikawaona wakopaji haohao kuwa hatari isiyolipa, zikaikopesha zaidi serikali. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019. Nia ilikuwa njema kweli, na ndiyo sababu mfano huu unauma.

"Mimi hesabu zilinishinda, siwezi." Jaji Learned Hand wa Marekani, mwaka 1947, aliamua kesi ya tishari lililoachwa saa 21 bila mlinzi katika bandari ya New York kwa kulinganisha mambo matatu: gharama ya tahadhari upande mmoja, na upande wa pili uwezekano wa ajali ukizidishwa na ukubwa wa hasara. Ni kuzidisha mara moja tu. Kinachowashinda wanafunzi wangu ni kukadiria hasara yenyewe: mkono wa fundi una thamani gani, na wa mtoto je? Swali hilo halina kikokotoo, na wakili anayeogopa kulijibu ataachia upande wa pili ulijibu.