Leta ni nani? Namna ya kumuuliza mwanasiasa juu ya kazi yake

Hapa Lubumbashi, Kongo, neno moja linabebeshwa kila kitu: Leta, yaani serikali. Mfereji ukiziba, watu wanauliza Leta iko wapi. Mwalimu asipolipwa, Leta haina franga. Umeme ukikatika komini ya Katuba siku tatu, ni Leta vilevile. Neno ni zuri kwa kulalamika, lakini halimtenganishi bugumestri (mkuu wa komini, yaani sehemu ya mji) na gavana, wala gavana na waziri wa Kinshasa, wala waziri na SNEL, kampuni ya umeme. Mwanasiasa anayetaka kukwepa swali hujificha humo humo.

Chukua mfereji mmoja wa pembeni ya avenyu, komini ya Kampemba, mwezi wa Januari. Umejaa chupa za plastiki na mifuko, maji ya mvua yanapita juu yake na kuingia kwenye parseli (viwanja) za watu. Komini inasema inangoja pesa ya jimbo. Jimbo linasema Kinshasa haijatuma asilimia 40. Mbunge wa upande unaotawala anasema ni uchafu walioacha waliotangulia, na mwenzake wa upinzani anasema ni wizi wa waliopo. Majibu manne, na hakuna hata mmoja aliyetaja siku ambayo watu watafika na makoleo.

Kinachosumbua ni kwamba baadhi ya majibu hayo yana ukweli ndani yake. Kwa hiyo ukimwita kila mmoja mwongo hufiki mbali. Inabidi ujue ukweli wa kila mmoja unaishia wapi.

Tuanze na hiyo asilimia 40, maana ndiyo inayotajwa sana. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya kitaifa ni asilimia 40, nayo inakatwa kwenye chanzo. Kukatwa kwenye chanzo maana yake jimbo linabaki na sehemu yake kabla ya pesa kupanda Kinshasa. Mambo hayaendi hivyo. Pesa hupanda yote, halafu kiasi fulani hurudishwa, na huko maofisini wanaita retrosesion. Kinachorudi hakijawahi kufikia 40 kamili. Gavana anayelalamika juu ya hilo ana haki, awe wa chama chochote.

Ila sheria haikuishia kwa gavana. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yenye kujitawala (miji, komini, sekta na sheferi, ambayo kwa kifupi huitwa ETD) inasema katika kifungu cha 115 kwamba maeneo hayo yana haki ya asilimia 40 ya kile kilicholifikia jimbo. Fanya hesabu: katika franga 100 za kitaifa, 40 ni za jimbo, katika hizo 40, franga 16 ni za ETD zote za jimbo kwa pamoja, na 24 zinabaki kwa gavana. Basi gavana akisema Kinshasa imetuma kidogo, swali linalofuata ni hili: katika hicho kidogo kilichofika miezi mitatu iliyopita, umeteremsha kiasi gani kwa komini, na tarehe gani? Mara nyingi anayelia kunyimwa naye ananyima walio chini yake. Hapo Kinshasa haihusiki tena.

Kuna pesa nyingine ambayo udhuru wa Kinshasa hauifikii hata kidogo, nayo ni mrabaha wa madini, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo kampuni ya mgodi hulipa. Tangu sheria ya 9 Machi 2018 iliporekebisha Kanuni ya Madini, kampuni hulipa asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa kobalti tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo. Mrabaha huo hugawanywa kabla ya kupita mikononi mwa mtu: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa ETD ambamo mgodi unachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni ikilipa dola 1,000,000, basi dola 250,000 zinaingia kwenye akaunti ya jimbo na 150,000 kwenye akaunti ya ETD, moja kwa moja. Haut-Katanga, jimbo letu, si jimbo la kulia njaa mbele ya hesabu hiyo. Kiongozi anayezungumzia retrosesion tu, huku mrabaha akiuruka, anajua anachokiruka.

Baada ya pesa kufika, kuna udhuru wa pili: "pesa haikutoka." Matumizi ya serikali hupita hatua nne. Ya kwanza ni ahadi, yaani serikali inajifunga kwa mkataba au hati. Ya pili ni uhakiki: kazi imefanyika kweli? Deni ni kiasi gani? Ya tatu ni amri ya kulipa. Ya nne ni malipo yenyewe, ambayo hufanywa na mhasibu. Hatua tatu za kwanza ziko mikononi mwa kiongozi na ofisi yake. Ukiambiwa pesa haikutoka, uliza imekwama kwenye hatua gani. Ikiwa hata ahadi haijasainiwa, hakuna mtu wa nje aliyezuia kitu, kwa sababu hakuna kilichoombwa. Swali hili moja huwanyamazisha wengi kuliko saa nzima ya kubishana redioni.

Sasa vyama. Kifungu cha 101 cha Katiba kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima na kwamba maagizo ya kumfunga ni batili. Lakini kifungu cha 110 kinasema mbunge anayekiacha chama chake kwa hiari anapoteza kiti. Soma vyote viwili pamoja na utaelewa kwa nini mbunge huyo huyo ni mkali barabarani na mpole ukumbini. Tuliona pia matokeo yake katika muungano wa FCC (kambi ya Kabila) na CACH (kambi ya Rais Tshisekedi): Rais upande mmoja, wingi wa wabunge na Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba upande wa pili. Kila upande ulisema mwenzake ndiye aliyekanyaga breki. Muungano ulitangazwa kufa tarehe 6 Desemba 2020, serikali ikaangushwa kwa kura tarehe 27 Januari 2021, na kwa muda wote huo hakukuwa na wa kutoa hesabu. Tangu hapo walio serikalini wana wingi wao bungeni, kwa hiyo maneno ya "wenzetu wanatuzuia" hayana tena pa kusimama.

Bunge lina vyombo vyake, na kifungu cha 138 cha Katiba kinavitaja: swali la mdomo, swali la maandishi, interpelasion (kumwita waziri aje ajieleze), tume ya uchunguzi. Hoja ya kumwangusha waziri mmoja inahitaji sahihi za sehemu moja ya kumi ya wabunge. Ya kuiangusha serikali nzima inahitaji robo yao. Serikali ya jimbo nayo inaweza kuangushwa na bunge la jimbo. Kasoro ni kwamba hoja nyingi huzaliwa kwenye ugomvi wa vyeo. Kipimo chepesi: tafuta tarakimu ndani yake. Hoja isiyotaja mstari hata mmoja wa bajeti, wala mkataba, wala tarehe, huenda inatafuta kiti tu.

Kwa komini jambo limechelewa zaidi. Sheria ya 2008 inataka bugumestri achaguliwe na baraza la komini, lakini washauri wa komini walipigiwa kura mara ya kwanza chini ya sheria hiyo Desemba 2023, tena katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwa miaka yote ile bugumestri alikuwa wa kuteuliwa, na mtu aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu.

Kuhusu "tulikuta hivi": siku ya kukabidhiana kazi, ile watu wanaiita remizi-reprizi, anayetoka na anayeingia husaini hati moja. Humo kunatakiwa kuwe na salio la kila akaunti, madeni, mikataba inayoendelea na mali, magari yakiwemo. Anayeingia akiona pengo, anaandika pingamizi palepale kabla ya kusaini. Aliyesaini bila neno, halafu baada ya mwaka mmoja anamlaumu aliyemtangulia, aulizwe hati yake.

Raia naye ana karatasi yake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kulipeleka. Andika kwa ofisi moja tu, ile yenye kazi hiyo. Barua iliyoelekezwa kwa gavana, meya, bugumestri na mbunge kwa pamoja haijibiwi, kila mmoja anamngoja mwenzake. Hao wengine wape nakala. Shika jambo moja. Usiandike "mifereji ya Kampemba", andika jina la avenyu, kutoka namba fulani hadi namba fulani, na umeziba tangu lini. Omba kitu kinachoweza kujibiwa: kazi hii iko kwenye bajeti ya mwaka huu? Kwa kiasi gani? Imefika hatua gani kati ya zile nne? Majina na sahihi zifuate chini, bila rangi ya chama, maana bendera moja kwenye karatasi inatosha kuwapa sababu ya kuiita siasa.

Toa nakala mbili. Moja inabaki kwenye sekretariati, ya pili unarudi nayo ikiwa na kashe (muhuri) na tarehe. Wakikwambia mwenye kashe ametoka, ngoja au rudi kesho, usiiache hivyo hivyo. Kashe ya tarehe 12 Januari inamaanisha jibu liwe limefika kabla ya tarehe 12 Aprili. Lisipofika, nakala hiyo hiyo inapelekwa kwa mshauri wa komini au mbunge wa jimbo wa eneo lenu, aigeuze kuwa swali la mdomo lenye tarehe mbili ndani yake: ile ya kashe, na ile ambayo jibu lilipaswa kuwa limekuja.