Buibui mkubwa ukutani: ni yupi, na je, anauma?

Ukiwasha taa ya jikoni usiku ukamkuta buibui wa kahawia amejibandika ukutani, bapa, miguu imetanda kukaribia upana wa kiganja, basi kwa nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Mombasa na Unguja hadi Dar es Salaam, huenda huyo ni Heteropoda venatoria. Asili yake ni Asia ya joto. Alienea karibu pwani zote za tropiki kwa meli za mizigo, hasa shehena za ndizi. Hatandi utando wa kunasia. Huwinda kwa kuvizia na kuruka, na mlo wake mkuu ndani ya nyumba ni mende. Ukimwona mara kwa mara, chunguza kwanza chini ya sinki.

Kumthibitisha si kazi ngumu. Mpige picha ukiwa umeshika kadi ya benki au kitambulisho karibu naye kwenye ukuta uleule; kadi hizo zina urefu wa takriban sentimita 8.5, kwa hiyo kipimo kinabaki kwenye picha. Mwili wake pekee ni sentimita 2 hadi 3, na kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu ni 7 hadi 12. Miguu imelala ubavuni kama ya kaa, ndiyo maana anaingia kwenye ufa ambao usingeamini unamtosha. Chini ya macho, juu ya meno, ana ukanda wa rangi ya malai. Dume ni mwembamba, miguu mirefu zaidi, na ana mstari mweusi mgongoni. Jike akibeba kifuko cha mayai huonekana kama amekumbatia kidonge kikubwa bapa chini ya kifua. Humo mna mayai zaidi ya mia. Wakati huo usimsumbue, maana hapo ndipo subira yake inapokwisha haraka.

Wengi humchanganya na Selenops, ambaye ni mdogo kidogo, wa kijivu chenye mabaka, na bapa kupita kiasi. Ukimkaribia hugeuka na kutoweka nyuma ya fremu ya picha kabla hujaona ameelekea wapi. Tofauti ya hakika iko machoni, na picha ya karibu ya simu inatosha: Selenops ana macho sita kwenye safu ya mbele na mawili nyuma, ilhali Heteropoda ana safu mbili za macho manne manne. Vile viduara vyeupe bapa, laini kama karatasi, vilivyogandishwa ukutani ni mayai ya Selenops. Hana madhara.

Yule mwenye miguu mirefu kama nyuzi, anayening'inia kwenye kona ya dari na kutikisika ovyo ukimgusa, mwache hapo. Anachokuletea ni kazi ya kufagia utando tu.

Mwenye kustahili heshima ni buibui mnene mwenye manyoya anayeishi mashimoni na chini ya magogo, Pterinochilus murinus. Wapo wa kijivu na wa kahawia, na wapo wa rangi ya chungwa kabisa. Ndani ya nyumba huingia kwa nadra, mara nyingi dume anayetafuta jike wakati wa mvua, naye hutembea sakafuni. Akitishwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, ambayo hushuka sambamba kwenda chini badala ya kukutana kama koleo. Akiuma, maumivu ni makali na misuli inaweza kukakamaa kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa. Usimshike kwa mkono, hata akionekana amezubaa.

Sasa kuhusu kuuma. Heteropoda anaweza kuuma, kwa kuwa ana meno marefu ya kutoboa ngozi na sumu ya kumlaza mende. Lakini hamfuati mtu. Huuma akibanwa: ndani ya kitambaa cha deki, kwenye mkono wa shati ulilochukua kambani, au chini ya kiganja cha mtu anayetaka kumponda. Utaona vitundu viwili, maumivu yanayokaribia ya nyuki, na uvimbe kidogo unaopungua ndani ya saa chache hadi siku moja.

Ukubwa wa buibui haukuambii lolote kuhusu sumu yake. Ninayemhofia mimi ana mwili wa sentimita 1 tu: Latrodectus geometricus, wa kahawia, miguu ina pete pete, na chini ya tumbo ana alama ya chungwa ya pembetatu mbili zilizogusana ncha. Hukaa chini ya viti vya plastiki, nyuma ya vyungu vya maua, na kwenye viatu vilivyosahauliwa barazani. Utando wake hauna mpangilio, ni mgumu, na hutoa mlio mdogo ukikatika. Vifuko vyake vya mayai ni vya mviringo vyenye vimiiba pande zote. Ukiviona, vaa glavu kabla ya kuinua kitu. Kukung'uta viatu kwenye sakafu mara mbili kabla ya kuvivaa ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Kuna jambo jingine linalomsingizia buibui. Mtu huamka na mstari mwekundu wa malengelenge unaochoma, jirani akamwambia amekojolewa na buibui. Buibui hana mkojo wa kuunguza ngozi. Msimu wa mvua, mshtakiwa wa kwanza ni nzi wa Nairobi, mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi, asiyezidi sentimita 1 kwa kawaida. Haumi, ukimponda kwenye ngozi hutoa kemikali iitwayo pederini, na lengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati mdudu umeshamsahau. Akikutua, mpeperushe, kisha osha kwa sabuni. Malengelenge yakizunguka upande mmoja wa kifua au kiuno, fikiria mkanda wa jeshi na uende kituo cha afya.

Ukiumwa kweli na buibui, osha kwa sabuni na maji, kisha weka kitambaa chenye barafu kwa dakika 10, pumzisha, rudia. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Nenda hospitali mara moja kukiwa na mkakamao wa tumbo, jasho jingi, kupumua kwa shida au kuvimba uso, na usisubiri kama aliyeumwa ni mtoto mdogo. Kidonda kinachozidi kupanuka baada ya siku mbili nacho kionwe. Picha ya buibui itamsaidia daktari kuliko maelezo.

Kumtoa nje, tafuta bakuli la plastiki linaloona ndani, lenye mdomo wa sentimita 15 au zaidi. Bilauri ni ndogo, itamkata miguu. Mfunike polepole, penyeza kadibodi ngumu kutoka chini, na umpe nafasi ya kunyanyua kila mguu. Kama plasta ina mawimbi, bonyeza upande ulioinuka, maana atapitia hapo.

Dawa ya kupuliza siipendekezi. Anasimama kwa ncha za miguu, hivyo sumu iliyopuliziwa ukutani humgusa kidogo, na ukimpulizia yeye mwenyewe hukimbia ovyo na kukuangukia. Ukimkuta asubuhi sakafuni miguu imejikunja, huyo amekufa: buibui hunyoosha miguu kwa shinikizo la maji ya mwilini, na likikatika misuli huivuta ndani. Lakini akiwa mwepesi, mkavu na mwenye tundu mgongoni, ulichookota ni ngozi aliyojivua. Mwenyewe bado yumo ndani, na sasa ni mkubwa zaidi.