Roboti inayojifunza haina budi kuona makosa

Simama kwa mama mboga pale Kawangware jioni, uagize sukuma wiki ya kukatwa. Atayakusanya majani kwa mkono wa kushoto yawe fungu moja, kisu kikitembea mkono wa kulia, huku akikuuliza habari za watoto. Hakitazami kisu. Fungu likilegea, vidole vinalibana tena kabla hujatambua kwamba lililegea.

Sisi tunaounda roboti tunauonea wivu mkono huo. Roboti za viwandani zipo tangu 1961, Unimate ilipoanza kazi katika kiwanda cha General Motors jimboni New Jersey, Marekani, ikibeba vyuma vya moto. Kila hatua yake ilipangwa mapema, kwa sababu chuma kilikuja mahali palepale na kwa umbo lilelile. Sukuma haina tabia hiyo. Jani moja ni pana, jingine limejikunja, la tatu limelowa maji, na hakuna mtu awezaye kuandika sheria ya kila jani. Ndiyo maana tukageukia mashine kujifunza: badala ya sheria, roboti inapewa mifano.

Wageni wakija maabarani huwa nawasimulia kazi ya Dean Pomerleau, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Mwaka 1989 aliueleza mfumo wake uitwao ALVINN, wa kuongoza gari kwa kamera. Picha ya barabara ilipunguzwa hadi vidoa 960 tu. Wewe na mimi tungeona ukungu. Mtandao wa niuroni, yaani programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano, ulivisoma vidoa hivyo na kuamua usukani ugeuzwe kiasi gani. Baadaye ukawa unafundishwa kwa kumfuatilia dereva kwa takriban dakika 5.

Tatizo lilikuwa dereva mwenyewe: aliendesha vizuri mno. Dereva mzuri hatoki kwenye njia yake, basi mashine inaona gari lililonyooka tu. Siku ikipotoka kidogo kuelekea ukingoni, inajikuta mahali ambapo haijawahi kufunzwa. Inakosea tena, na kosa hilo linazidi kuisogeza mtaroni. Pomerleau alizichukua picha zilezile, akazisogeza kushoto na kulia kwa kompyuta kana kwamba gari limepotoka, kisha kila picha akaipa kipimo cha usukani wa kulirudisha gari njiani.

Nawaomba wakulima na walimu wa vyuo vya ufundi wanaoniuliza kuhusu akili unde (AI) walizingatie hili. Tukitaka mkono wa roboti uchambue nyanya za soko la Marikiti, Nairobi, haitoshi kumrekodi mchambuzi hodari akiwa katika ubora wake. Tunahitaji pia nyanya inayoponyoka, ile iliyobanwa kupita kiasi, na namna vidole vilivyolegea kuiokoa. Ujuzi huo hauko kwenye intaneti. Umo mikononi mwa watu wa sokoni, na naamini kwa dhati kwamba yeyote atakayerekodiwa anastahili kuulizwa ridhaa yake kwanza na kulipwa.

Maabarani, mwanafunzi huushika mkono wa roboti akauongoza polepole hadi kwenye nyanya. Ikimponyoka, mara nyingi hunyoosha kidole kuifuta rekodi aanze upya. Namzuia. Namwambia aifuate nyanya inakobingirikia, aishike tena, na rekodi iendelee.