Mchapuko Usiobadilika: Mwendo Ukatwe Wapi, Uachwe Wapi

Ninaposahihisha kazi za wanafunzi wa mekanika ya mwanzo, mara nyingi nakuta milinganyo iliyoandikwa sawasawa na aljebra isiyo na dosari, ilhali jibu lenyewe haliwezekani: gari lililokwisha kusimama linarudi nyuma lenyewe, au mpira uliofika kileleni unakosa sababu ya kuanguka. Kinachokosekana ni uamuzi uliopaswa kutangulia hesabu, yaani ni sehemu ipi ya mwendo iliyo na mchapuko mmoja, na sehemu hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mchapuko ni kiasi ambacho kasi ya kitu hubadilika katika kila sekunde, na kasi hapa naichukua pamoja na mwelekeo wake. Mchapuko usipobadilika, mchoro wa kasi dhidi ya muda huwa mstari ulionyooka, na eneo lililo kati ya mstari huo na mhimili wa muda ndilo uhamisho wa kitu, yaani umbali wake kutoka pale kilipoanzia pamoja na mwelekeo. Tukiiita kasi ya mwanzo u, ya mwisho v, mchapuko a, uhamisho s na muda t, mteremko wa mstari unatupa v = u + at, na eneo la trapeza linatupa s = ½(u + v)t. Ukiondoa v katika hiyo miwili unapata s = ut + ½at²; ukiondoa t unapata v² = u² + 2as. Kwa hiyo sioni faida ya kumkaririsha mwanafunzi milinganyo minne kana kwamba ni sheria nne, kwa kuwa yote ni usomaji wa mstari mmoja, na siku mstari huo unapopinda yote huanguka kwa pamoja.

Kanuni ya kutumia wastani wa kasi ya mwanzo na ya mwisho ilijulikana kwa wasomi wa Merton College, Oxford, katika karne ya 14, na Nicole Oresme wa Ufaransa akaionyesha kwa mchoro katika karne hiyohiyo. Galileo ndiye aliyeithibitisha kwa majaribio, akibingirisha mpira wa shaba katika mfereji wa ubao ulioinamishwa na kukadiria muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka katika chombo. Katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1638 alieleza kwamba kitu kinachoanza kikiwa kimetulia hupita, katika vipindi vya muda vinavyolingana, umbali unaofuatana kama 1, 3, 5, 7. Jumla zake ni 1, 4, 9, 16, yaani miraba ya muda, na hilo ndilo s = ½at² linalosema.

Sasa tuchukue basi. Nchini Kenya kikomo cha mwendo kwa magari ya abiria ni kilomita 80 kwa saa, ambazo ni mita 22.2 kwa sekunde. Dereva anaona lori lililokwama mbele yake kwenye lami kavu. Tuseme inamchukua sekunde moja kutambua hatari na kukanyaga breki, na breki zikishashika zinampunguzia kasi kwa mita 6 kwa sekunde katika kila sekunde. Swali hili lina sehemu mbili zenye michapuko miwili tofauti, na mwanafunzi anayejaribu kulimeza kwa mlinganyo mmoja amelikosea kabla ya kuanza. Katika sekunde ya kwanza mchapuko ni sifuri na basi linapita mita 22.2 bila kupungua kasi hata kidogo. Katika sehemu ya pili u ni 22.2, v ni 0 na a ni −6, kwa hiyo s = 22.2² ÷ 12, ambayo ni karibu mita 41.2 (hapa na mbele natumia kasi kabla ya kukadiria desimali). Jumla ni mita 63.4.

Tumweke dereva wa pili mahali palepale, lori likiwa mita 63.4 mbele, lakini yeye anakwenda kilomita 100 kwa saa, yaani mita 27.8 kwa sekunde. Naomba msomaji akadirie, kabla ya kuhesabu, basi hili litaligonga lori kwa kasi gani. Wanafunzi wengi hujibu kilomita 20 kwa saa, kwa kuwa hiyo ndiyo tofauti ya kasi za madereva hao wawili. Tuhesabu. Sekunde ya kwanza inakula mita 27.8, zinabaki mita 35.6 za kufunga breki. Hapo v² = 27.8² − 2 × 6 × 35.6, ambayo ni karibu 344, na v ni karibu mita 18.6 kwa sekunde. Hizo ni kilomita 67 kwa saa. Mahali ambapo basi la kwanza limesimama, la pili linapita likiwa na thuluthi mbili ya kasi yake. Sababu mbili zimeungana hapa: dereva wa pili amepoteza umbali zaidi kabla ya breki kushika, na breki hupunguza mraba wa kasi kwa kiasi kilekile katika kila mita, hivyo kasi yenyewe hushuka polepole mwanzoni na kwa haraka sana katika mita za mwisho. Nalithamini swali hili kuliko mengine yote ya mada hii, na ningependa lifundishwe pia kwa wanaojifunza udereva.

Mpaka mwingine uko pale gari linaposimama. Gari linakwenda mita 20 kwa sekunde, breki zinalipa mchapuko wa −5, na swali linauliza litakuwa limepita umbali gani baada ya sekunde 6. Mlinganyo wa s = ut + ½at² unatoa 120 − 90, yaani mita 30. Jibu sahihi ni mita 40. Gari lilisimama baada ya sekunde 4, na breki hazina uwezo wa kulirudisha nyuma. Kuanzia hapo mchapuko ni sifuri. Mlinganyo hauna njia ya kulijua hilo, ni lazima uambiwe na anayeuandika.

Kwa mpira uliorushwa juu mambo ni kinyume. Mtu aliye juu ya paa la mita 20 anaurusha wima kwa mita 15 kwa sekunde, na mpira unaanguka hadi chini nje ya ukuta. Tukipuuza ukinzani wa hewa, na tukichukua mchapuko wa mvutano kuwa mita 10 kwa sekunde kwa sekunde, mchapuko ni uleule wakati wa kupanda, kileleni, na wakati wa kushuka. Kileleni kasi ni sifuri kwa kitambo tu; mchapuko bado ni 10 kuelekea chini, la sivyo mpira ungebaki unaning'inia. Kwa hiyo hapa hakuna pa kukata. Weka asili ya kupimia, yaani sifuri ya urefu, kwenye paa, upande wa juu uwe chanya, kisha usibadilishe uamuzi huo hadi mwisho: −20 = 15t − 5t². Ukipanga upya unapata t² − 3t − 4 = 0, na majibu ni t = 4 na t = −1.

Anayekata mwendo huu kileleni atapata sekunde 1.5 za kupanda hadi mita 31.25 kutoka ardhini, kisha sekunde 2.5 za kushuka, jumla 4. Si kosa, ila ni njia ndefu, na inamnyima jibu la pili. Jibu hilo hasi hufutwa upesi mno. Ukiliweka katika v = 15 − 10t unapata 25. Maana yake ni kwamba mpira uliorushwa kutoka ardhini kwa mita 25 kwa sekunde, sekunde moja kabla ya saa yetu kuanza, ungepita usawa wa paa ukiwa na kasi ileile ya mita 15 kwa sekunde kwenda juu, na kuanzia hapo mwendo wake na wa mpira wetu usingetofautiana kwa lolote.