Kwa nini Marekani mtoto 1 kati ya 31 ana usonji, na huku Kusini tunaambiwa hakuna?

Aprili 2025, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitangaza kwamba mtoto 1 kati ya kila 31 wenye umri wa miaka minane katika maeneo kinayoyafuatilia ana usonji (autism), ile hali ya ukuaji inayomfanya mtoto apate shida ya kuwasiliana na kuelewana na wenzake. Mwaka 2000 hesabu hiyohiyo ilikuwa 1 kati ya 150. Ukilitaja jambo hili Tandahimba au Ruangwa, huku kwetu Kusini mwa Tanzania, kuna atakayekujibu upesi kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, huku hayapo. Jibu hilo silikubali hata kidogo, na sababu imo katika namna hesabu zenyewe zinavyopatikana.

Wengi tunadhani madaktari wa Marekani walipita nyumba kwa nyumba wakipima watoto. Sivyo. Walichagua maeneo 16, wakafungua kumbukumbu za hospitali na za shule, wakatafuta watoto wa miaka minane ambao mtaalamu alishaandika kuwa wana usonji. Mtoto asiye na jalada hahesabiwi. Ndiyo maana ndani ya nchi moja na mwaka mmoja, Laredo kule Texas walipata 1 kati ya 103, na San Diego, California, 1 kati ya 19. Sidhani kuna anayeamini watoto wa miji hiyo miwili wameumbwa tofauti kiasi hicho. California kuna mpango wa kuwafundisha madaktari wa watoto kuzitambua dalili mapema, na wanaotafutwa ndio wanaoonekana.

Korea Kusini waliuthibitisha ukweli huo kwa njia nyingine. Katika utafiti uliochapishwa 2011, badala ya kusoma majalada, waliwauliza wazazi na walimu wa shule za kawaida. Wakapata takribani mtoto 1 kati ya 38, na theluthi mbili yao walikuwa madarasani kama wenzao, hawajawahi kutambuliwa na mtu.

Kigezo nacho kimepanuka. Daktari Leo Kanner alipoeleza usonji mwaka 1943 alikuwa na watoto 11, wenye hali nzito. Leo jina hilohilo linamchukua pia mtoto anayesema vizuri na kufaulu hesabu, lakini anahangaika kuwaelewa wenzake. Na kwa kuwa suala la chanjo halikosi kuingizwa hapa: makala ya 1998 iliyozusha hofu kwamba chanjo huleta usonji ilihusu watoto 12 tu na ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Denmark walifuatilia watoto 657,461 na hawakuona uhusiano wowote kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Mpeleke mwanao akachanjwe.

Sasa turudi kwetu. Nenda siku ya mizani kwenye zahanati yoyote ya Masasi. Kina mama wamejaa kwenye benchi, wengine wako nje chini ya mwembe. Mtoto anavalishwa kile kikaptura cha mizani, ananing'inizwa, anapiga kelele. Mshale ukitulia muuguzi anatia nukta kwenye kadi. Yuko kwenye kijani? Chanjo ipi imebaki? Haya, anayefuata. Kazi hiyo imeokoa watoto wengi mno, na mara nyingi muuguzi ni mmoja kwa foleni nzima. Lakini mtoto wa mwaka na nusu aliyenona, mwenye chanjo zote, asiyegeuka akiitwa jina lake, anatoka pale na kadi safi kabisa.

Nyumbani anashinda barazani akipanga korosho za kuokota mstari mmoja. Ukiisogeza moja, analia mpaka sauti inakauka. Bibi anasema mpole tu huyo, hata baba yake alichelewa kusema. Shangazi anataka akatwe udata, kile kiuzi cha chini ya ulimi. Jirani ana lake la mashetani. Na mjomba, ambaye kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao kauli yake ni nzito juu ya watoto wa dada yake, akisema aanze kwa mganga, mwaka unakatika. Umri wa shule ukifika, haandikishwi. Ataonekana kwenye jalada gani?

Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu 1 kati ya 127 ana usonji. Kwa kadirio hilo, kijiji chenye watoto mia sita na ushee kingetarajiwa kuwa na watano hivi. Sensa ya 2022 iliuliza kuhusu ulemavu: ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Maswali ya aina hiyo ni mazuri kwa kazi yake, ila hayakutungwa kuutambua usonji.

Kuna jambo jingine linalonifanya nitamani utafiti wetu wenyewe. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu katika hao walikuwa wakikua bila tatizo, mmoja wao hadi miezi 42, na dalili zikaanza walipopona malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Watoto 20 ni wachache mno kusema malaria inaleta usonji, na sehemu kubwa ya usonji asili yake ni vinasaba. Lakini mtafiti wa San Diego hana sababu ya kuliuliza swali hilo. Lisipoulizwa mikoa kama Mtwara na Lindi, basi tena.

Na hatuwezi kubeba dodoso la nje kama lilivyo. Mengi yanauliza kama mtoto humtazama mtu usoni. Mtoto wa Newala aliyefunzwa adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa, tena mgeni mwenye kalamu na karatasi! Malawi walishatengeneza kipimo chao cha ukuaji, kilichochapishwa 2010, kwa vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua. Kilifi, Kenya, nao wana chao.

Kuhesabu kaya kwa kaya si jambo geni Kusini. Mwaka 2007 watafiti walipita kaya zaidi ya laki mbili katika wilaya za Newala, Tandahimba, Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini, wakifuatilia vifo vya kina mama na watoto wachanga. Kabla ya hapo, ugonjwa wa konzo ulipolipuka Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu kupooza miguu ghafla, watafiti walikwenda kwa wagonjwa wenyewe, wakauliza wamekula nini, na chanzo kikaonekana: muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha kuondoa sumu. Basi na swali la mtoto aliyebaki hai, anakuaje, linaweza kuulizwa kwenye milango ileile, mjomba na bibi wakiwa wamekaa hapo hapo kusikiliza na kujibu.

Mzazi hana haja ya kusubiri utafiti. Siku ya mizani, mwambie muuguzi mwenyewe kama mtoto amefika mwaka na hageuki akiitwa, kama ana mwaka na nusu na hakuonyeshi kwa kidole kitu anachokitaka, au kama amefika miaka miwili na haunganishi maneno mawili. Omba masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye hageuki. Na mtoto aliyekuwa akisema "mama" na "maji" kisha akaacha, mpeleke hospitali ya wilaya, au hospitali ya Ligula kwa walio Mtwara, au Sokoine kwa walio Lindi, wiki hiyohiyo.