Je, wajua kwa nini programu inaweza kukwambia ni saa hasi tano?

Tuseme unataka programu ibadilishe saa ya kompyuta, ile inayoanza kuhesabu usiku wa manane, iwe saa ya Kiswahili. Hesabu yake ni nyepesi: toa 6, gawa kwa 12, chukua baki. Katika lugha nyingi za programu, baki hutolewa na alama ya %, hivyo, h ikiwa ni saa ya kompyuta, unaandika:

`(h - 6) % 12`

Saa 15:00 inatoa 9, yaani saa tisa alasiri. Saa 20:00 inatoa 14, baki 2: saa mbili usiku. Safi kabisa, mpaka ufike 01:00. Hapo 1 − 6 ni −5. Lugha ya programu ya Python itakupa 7, saa saba usiku, na ndivyo ilivyo. Lugha za JavaScript, Java, C, PHP na Go zitakupa −5.

Hakuna iliyokosea. Zote zinatii kanuni moja: namba inayogawanywa ni sawa na namba inayogawa mara jibu, ukijumlisha baki. Zinapoachana ni kwenye jibu lenyewe. −5 ukigawa kwa 12 unapata −0.416 na kuendelea. C na wenzake hukata desimali, jibu likawa 0, na baki lote likawa −5. Python hushuka hadi namba kamili iliyo chini, yaani −1. 12 × −1 ni −12, na ili ufike −5 unahitaji 7. Ndiyo maana kwa Python baki hufuata alama ya namba inayogawa, na kwa C hufuata ya inayogawanywa. Hata C yenyewe zamani iliachia kila kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) iamue, mpaka kiwango cha mwaka 1999 kilipofunga mjadala.

Dawa inayofanya kazi kote ni hii:

`((h - 6) % 12 + 12) % 12`

Baki la kwanza liko kati ya −11 na 11. Kuongeza 12 kunaliondoa kwenye hasi, na % ya pili inalirudisha kati ya 0 na 11. Lakini 06:00 sasa inatoa 0, nasi hatuna saa sifuri. Kwa saa, basi, bora uandike `(h + 5) % 12 + 1`. Hakuna hasi inayoingia, na majibu ni 1 hadi 12 tu.

Mtego huohuo umo kwenye kupima namba witiri. `n % 2 == 1` (baki ni sawa na 1) itaikataa −3 katika Java, kwa kuwa baki lake ni −1, na programu itaendelea kimyakimya bila kulalamika. Andika `n % 2 != 0`, yaani baki si sawa na 0.