Eti umeneja wa uinjinia haufundishiki darasani?

Huku Tanga, saiti za Raskazone mpaka vijiwe vya Ngamiani, wengi wanaamini injinia akishakua mkali kwenye kazi basi umeneja unakuja wenyewe, kozi ni ya kutafutia cheti tu. Sio wajinga, uzoefu kweli una kazi yake. Ila kukokotoa nondo ni ujuzi mmoja, kupanga watu, hela na muda ni mwingine, na huo unafundishika.

Kwenye kazi za kikundi za kozi hiyo mnapewa mfano mradi wa ghorofa uliochelewa, huyu anatetea bajeti yule ratiba, mnabishana weee mpaka mnagundua kuongeza vibarua hakukomazi zege haraka, nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28, kwahiyo tarehe ya kukabidhi inaamuliwa na mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, hesabu inayotumika tangu miaka ya 1950.

Unataka kuhakikisha? Chukua ujenzi wa mtaani kwenu, andika kazi ipi inasubiri ipi na siku ngapi, jumlisha njia ndefu zaidi, linganisha na tarehe aliyoahidi fundi. Na kabla hujalipa ada omba mtaala, ukikuta mitihani mitupu bila kazi za kikundi, hapo mashaka yako yana msingi.